Uzi wa wanafunzi wa fasihi: someni kitabu chenyewe kabla ya uchambuzi (wana Tabora na majirani, karibuni)

Mwalimu wa Isevya

Wakuu, habari za huko mliko.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tabora mjini. Huu ndio msimu ambao ukimkuta mtoto wa kidato cha nne ana karatasi mkononi, nyingi ni za uchambuzi. Kitabu chenyewe hana. Kurasa chache zilizotolewa kopi, na riwaya nzima imo humo: dhamira, migogoro, wahusika, mafunzo, jina la kitabu, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mtoto anazimeza zote, kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani bila kuwahi kumsikia mhusika hata mmoja akizungumza.

Nina jambo moja tu la kusema kwenye uzi huu. Hoja ya fasihi huanzia mahali fulani ndani ya kitabu, mahali unapoweza kupawekea kidole. Usipokuwa na mahali hapo, ulichonacho ni kauli ya mtu mwingine.

Nichukue tamthiliya ambayo wengi tunaifahamu, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Kwenye madaftari nakutana sana na aya ya namna hii:

"Dhamira ya uzembe. Mwandishi ameonesha uzembe kupitia mhusika Ngoswe. Ngoswe alikuwa mzembe kazini. Uzembe ni jambo baya katika jamii na unarudisha nyuma maendeleo. Hivyo jamii iache uzembe."

Hakuna uongo humo, lakini aya hiyo angeweza kuiandika mtu aliyesoma jina la kitabu tu, akaishia kwenye jalada. Sasa tazameni hii:

"Ngoswe amefika kijijini kuhesabu watu, kazi ya taifa zima, lakini anaingiza ndani ya kazi hiyo penzi la Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, mwenyeji aliyempokea. Mitomingi anapogundua, hasira yake inaishia kwenye makaratasi ya sensa, anayachoma moto. Mwandishi angeweza kumfanya mzee ampige Ngoswe, na ugomvi ungebaki wa watu wawili. Kwa kuchagua makaratasi, anaufanya uzembe wa mtu mmoja kuwa hasara ya watu wote waliokwisha kuhesabiwa."

Mmeona kilichobadilika? Aya ya pili haijazidi maneno magumu. Imesimama mahali pamoja, kwenye ule moto, ikauliza kwa nini mwandishi kaamua hivyo na si vinginevyo. Na ukishauliza swali hilo unapata la pili lenyewe: jina la kitabu linalaumu penzi, lakini aliyewasha kiberiti ni Mitomingi. Je, naye hana uzembe wake? Hapo una hoja ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya stesheneri. (Sensa ya 2022 makarani walitumia vishikwambi, kwa hiyo moto wa namna ile usingeteketeza kitu. Waulizeni wanafunzi wenu: Semzaba angeandika leo, Mitomingi angefanya nini? Darasa litachangamka.)

Namna ya kusoma ninayoipendekeza haina gharama. Mara ya kwanza soma kitabu mpaka mwisho bila kuandika kitu, usimame tu pale kilipokushika. Mara ya pili shika penseli, na kitabu kikiwa cha shule tumia vijikaratasi. Weka alama pale palipokushangaza, palipokuudhi, na pale usipopaelewa. Hapo pa tatu ndipo penye mali, wala msiparuke. Kisha kwenye daftari andika namba ya ukurasa, kilichotokea kwa sentensi moja, na swali "kwa nini hapa, kwa nini hivi?" Neno dhamira lisionekane kwanza. Dhamira itakuja yenyewe ukishakuwa na sehemu sita saba zinazozungumza jambo moja.

Karibuni tujadili.

Binti Urambo

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha nne huku Urambo. Nina shida mbili. Ya kwanza, shuleni kwetu riwaya ya Takadini iko nakala moja na tuko wengi. Ya pili, mimi huwa naandika sana, kurasa tatu nne, lakini mwalimu ananiandikia kwa kalamu nyekundu "umesimulia". Sijawahi kuelewa anataka nini.

Mwalimu wa Isevya

Marahaba binti yangu.

Nianze na hiyo kalamu nyekundu. Chukua insha yako ya mwisho, soma sentensi moja moja. Sentensi ikiwa inajibu "kisha ikawaje?", hapo umesimulia. Ikiwa inajibu "hiyo inatuonesha nini, na kwa njia gani?", hapo umehakiki. Kusimulia kidogo lazima kuwepo, maana msomaji anahitaji kujua unaongelea tukio gani. Lakini sentensi moja ya tukio iwe na sentensi mbili tatu za maelezo yako. Wengi wanafanya kinyume: tukio aya nzima, halafu mwishoni "hii inaonesha umaskini". Msahihishaji alikwishakisoma kitabu. Anachosubiri ni wewe umwoneshe ulichokiona humo.

Kuhusu nakala moja: msigawane siku tu, gawaneni na sauti. Kaeni chini ya mwembe baada ya vipindi, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kuandika maswali. Tamthiliya ndiyo inafaa zaidi, kila mtu achukue mhusika wake, maana iliandikwa isemwe. Mhusika ambaye ulimsoma kimya na kumdharau, ukimsema kwa mdomo wako utashangaa ana sababu zake. Pia Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. Mwenye simu ya mkubwa nyumbani ajaribu.

Mhitimu HKL

Mkuu, nakuheshimu, ila nikupinge kidogo. Mimi nimesoma hapo hapo Tabora, kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nilipiga desa, yaani hizo hizo karatasi za uchambuzi, mwanzo mwisho na nikafaulu vizuri. Mtoto wa shule ya kata ana masomo tisa, anatembea kwa miguu asubuhi na jioni, nyumbani mwanga wa kusomea wa shida. Umwambie asome kila kitabu mara mbili? Mtihani unataka hoja tatu kutoka kila kitabu. Mpe hizo hoja tatu afaulu, mapenzi ya fasihi atayapata mbele ya safari.

Mwalimu wa Isevya

Mkuu, hali ya huyo mtoto umeieleza sawasawa, na wanaoipuuza hawajafundisha huku. Ndiyo maana namtetea asipoteze muda wake mdogo kwenye kazi isiyomlipa.

Kila mwaka Baraza la Mitihani linatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ipo kwenye tovuti yao, bure, na ndani wanaweka sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye ukuta wa kila darasa la kidato cha nne. Malalamiko yanajirudia: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, katumia riwaya pale palipotakiwa tamthiliya, kataja hoja bila kuifafanua. Anayekariri yuko hatarini kwa yote matatu, kwa sababu alichobeba kilitengenezwa kabla ya swali kuulizwa.

Mfano. Karatasi ya uchambuzi ina kichwa "nafasi ya mwanamke", hoja nne. Swali linakuja: mwanamke ni chanzo cha matatizo katika jamii, kubali au pinga. Aliyekariri atazimwaga zile nne kama zilivyo: mama mlezi, mtu mwenye mapenzi ya dhati, na kadhalika. Hajakubali wala hajapinga. Aliyemsoma Mazoea kwenye kitabu atajiuliza: huyu binti ana mchumba aliyekwisha kupangiwa, anakuja mgeni wa serikali mwenye hadhi na maneno matamu. Nani kati yao alikuwa na uwezo wa kusema hapana na akasikilizwa? Hapo jibu limeanza, na ni la kwake.

Sisemi uchambuzi wa wengine utupwe. Uje wa tatu, baada ya kitabu na baada ya daftari lako. Na ukija, bishana nao. Wakiandika "Mitomingi ni baba mwenye msimamo", muulize mwandishi wa karatasi hiyo: ukurasa upi?

Mama wa Nzega

Nawasalimu nyote. Mimi niliishia darasa la saba. Mwanangu yupo kidato cha tatu, anapenda kusoma hadithi ila kuandika anasema haoni cha kuandika. Nitamsaidiaje nami hivyo vitabu sivijui?

Wa Kasulu

Shikamoo mama. Naomba nijibu hili, mwalimu utanisahihisha.

Mimi nimekulia Kasulu, sasa nipo chuo nasoma Kiswahili. Bibi yangu hakusoma kabisa, na ndiye mtu wa kwanza aliyenifundisha kuhakiki. Alikuwa akitutambia hadithi jioni kwa Kiha, akifika mahali anasimama, anauliza: "Wewe ungekuwa huyo sungura, ungeingia?" Tukijibu ndiyo, anataka sababu. Tukijibu hapana, anataka sababu. Hakukubali "basi tu". Mwambie mwanao akusimulie alichosoma, halafu mkatize: kwa nini alifanya hivyo? Wewe umejuaje? Imesemwa wapi? Akishakujibu kwa mdomo, mwambie ayaandike hayo hayo aliyokuambia. Wengi wanaosema hawana cha kuandika wanadhani kuandika kunahitaji maneno mengine tofauti na yale waliyosema.

Niongezee na la chuo, kwa walio kidato cha sita. Tulisoma Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya mwaka 1988. Martha amefiwa na mume na anataka kumzika, ukoo wa mume unadai maiti ni yao. Darasa zima tulikuwa upande wa Martha, insha zetu zote zilifanana. Mhadhiri akazirudisha na maagizo mamoja: tafuteni ndani ya tamthiliya maneno yenye nguvu kuliko yote upande wa ukoo, myajibu. Insha zilizorudi zilikuwa nyingine kabisa. Tuliobaki na Martha tulibaki naye kwa sababu tulizozipigania.

Jingine: tamthiliya hiyo ilitoka muda mfupi baada ya ile kesi maarufu ya Nairobi kuhusu mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyoamuliwa mwaka 1987. Ni vizuri kuijua. Lakini nimeona wenzangu wakiandika kurasa mbili za kesi na nusu ukurasa wa tamthiliya. Historia iwe mlango, usiishi mlangoni.

Mama wa Nzega

Marahaba mwanangu. Ahsante sana. Leo leo naanza naye.

Binti Urambo

Mwalimu, na ushairi je? Mimi nahesabu vina na mizani, nataja ni tarbia, naandika "shairi ni la kimapokeo", halafu nabaki natazama karatasi. Baada ya kuhesabu nafanya nini?

Mwalimu wa Isevya

Swali zuri mno. Ushairi wetu umefundishwa kwa miaka mingi kama hesabu, na mtoto akimaliza kuhesabu anadhani amemaliza kusoma. Ngoja nitunge ubeti hapa hapa, ili pasiwe na uchambuzi wake popote:

Treni imepiga honi, usiku huu Tabora,
Mama yupo kituoni, hajaiona ishara,
Begi lake mkononi, machoni mwake subira,
Atarudi lini, lini, mwanawe aliyegura?

Mistari minne, mizani kumi na sita kila mmoja, kina cha kati "ni", cha mwisho "ra". Tumemaliza kuhesabu. Sasa usomeni kwa sauti, mara mbili, halafu mniambie mmesikia nini. Mtu yeyote, hata asiye mwanafunzi.

Mhitimu HKL

"Lini, lini" ni takriri. Ila kwa ukweli naona umeirudia ili mizani itimie nane.

Wa Kasulu

Kaka, hata kama mizani ilipungua mbili, kulikuwa na maneno mengi ya silabi mbili ya kuweka hapo. Angeweza kusema "atarudi lini kwetu" na kuacha kina kipotee, au kupanga upya. Kachagua swali lijirudie. Ukilisoma kwa sauti unasikia mtu aliyekwisha kuuliza siku nyingi na hajajibiwa. Kwangu mimi kanuni ndiyo imezaa hisia hapo.

Mama wa Nzega

Mimi nimeangalia begi. Anayempokea mtu haendi na begi, anayepokewa ndiye mwenye begi. Huyu mama naona anataka kusafiri. Amechoka kungoja, anakwenda kumtafuta mwanawe.

Mwalimu wa Isevya

Mama, heshima kwako. Wanafunzi, someni alichokifanya mama hapo juu. Hajataja tamathali hata moja. Kashika kitu kimoja kilichomo kwenye mstari, begi, akakipima na anavyowajua watu wa stesheni, akatoa tafsiri inayobadilisha ubeti mzima. Sasa kazi iliyobaki ni kuipima na mistari mingine: subira iliyo machoni inakubaliana na mtu anayeondoka, au inamvuta abaki? Mimi ninaona zote mbili zipo, na ubeti unakuwa mzuri zaidi zikibaki zinavutana. Mwingine atasema haiwezekani, na akinionesha mstari nitamsikiliza.

Na kwa wanaosoma mashairi huru, msiogope kwa kuwa hakuna vina. Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974 washairi wetu walibishana sana kama yale ni mashairi. Unapokutana nayo uliza: mstari umekatwa wapi, na kwa nini hapo? Pale kanuni ya jadi isipokuwepo, kila mkato ni uamuzi wa mshairi.

Mhitimu HKL

Hilo la begi limenishinda mkuu, sikuliona. Nauliza kwa nia njema: mtoto wa kawaida atafikaje hapo kabla ya mtihani?

Mwalimu wa Isevya

Kwa kuandika aya moja, kisha kuiandika tena. Insha nzima kila juma ni nyingi, aya moja inatosha. Aya ya kwanza karibu wote huwa ni ya kutafuta, tunayojua tunachotaka kusema tukifika mwishoni mwake. Basi chukua ile sentensi ya mwisho, ipandishe iwe ya kwanza, uandike upya kuelekea mbele.

Hapa kwetu mfano hauko mbali. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Wavulana kuanzia 1937 hadi 1942. Baadaye akaja kuitafsiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya Kaizari, ikachapishwa 1963. Mwaka 1969 ikatoka tena baada ya yeye kuirekebisha, safari hii ikiitwa Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais, ana nchi changa mikononi, na bado alirudi kwenye kurasa ambazo zilikwisha kuchapwa na kusifiwa. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila wanaponiletea daftari na kusema "nimemaliza".

Binti Urambo

Mwalimu nimejaribu aya moja ya Takadini. Nimeiandika mara mbili kama ulivyosema:

"Katika riwaya ya Takadini, mwandishi anaonesha kwamba jamii inaweza kubadilika, ila haibadiliki yote kwa pamoja. Sekai anatoroka kijijini kwake kwa sababu mila haimtaki mtoto wake aliyezaliwa na ualbino. Anakokimbilia nako watu wana hofu hiyo hiyo, lakini mzee Chivero anampokea, na Takadini anakua akijifunza kupiga mbira. Mbira inampa nafasi ambayo rangi ya ngozi yake ilimnyima. Hivyo tunajifunza kwamba tuwapende watu wenye ualbino."

Wa Kasulu

Mdogo wangu, sentensi ya kwanza imenikaa. "Haibadiliki yote kwa pamoja." Hiyo ni hoja.

Mwalimu wa Isevya

Ni hoja kabisa, na ni ya kwako. Hakuna anayeweza kukuandikia "umesimulia" hapa.

Sasa kazi. Sentensi ya mwisho iondoe. Inachosema ni kweli, na mikoa yetu hii imeona mambo ya kutisha yaliyowapata watu wenye ualbino, kwa hiyo sikwambii ni jambo dogo. Lakini umeiandika kama bango la barabarani, wakati sentensi ya mbira iliyo kabla yake inasema jambo hilo hilo kwa nguvu zaidi. Baki kwenye mbira. Jiulize: watu wa kijiji wanapomsikiliza, wamemkubali Takadini au wameukubali muziki wake? Rudi kitabuni, tafuta mahali wanaposikiliza, angalia wanasema nini na nani ananyamaza. Namba ya ukurasa iandike.

Halafu "mila haimtaki" ni maneno mepesi mno. Mila haina mdomo. Nani alisema, wazee gani, na Sekai alijibu nini au alijibu kwa kitendo gani? Ukimtaja aliyesema, aya yako itapata uzito bila kuongeza urefu.

Binti Urambo

Sawa mwalimu. Kitabu kipo kwa mwenzangu, zamu yangu ni Alhamisi. Nikishaupata ule ukurasa wa mbira naandika tena naleta hapa.

Mama wa Nzega

Ukileta nitaita na wangu asome. Amekaa hapa pembeni, anauliza Chivero ni nani.